Bunduki Kabla ya Kipimo

Doha, Ijumaa, Oktoba 2019

Joto limeanza kupoa. Mimi sijapoa.

Asubuhi nimefungua dirisha la jikoni kwa mara ya kwanza tangu Mei, upepo ukaingia na vumbi lake, nikasema asante Mungu, angalau kitu kimoja katika nyumba hii kinasogea. Nimetoka zamu ya usiku, miguu inaniwaka, na nilikuwa nimejiapiza kwamba leo nalala mpaka jua lizame. Sijalala. Nimekaa hapa na kikombe cha chai naandika, kwa sababu nisipoandika nitamrushia mtu sufuria.

Mtu mwenyewe ni mume wangu, Musyoka. Yuko sebuleni. Anachagua bunduki.

Ngoja nieleze kabla hamjanipigia simu kuniuliza kama niko salama. Mimi ni nesi. Hospitali moja katika mji mdogo wa Wisconsin, kule Marekani kwenye baridi, imenipa kazi, na karatasi zangu zote zimekamilika. Za Musyoka, ambaye anakuja kama mume wangu, zimebaki mbili tu: kipimo cha daktari, na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi wa hapa. Kliniki yenyewe haiko mbali. Unaenda, unatoa damu, unapigwa picha ya kifua, unarudi nyumbani. Bila vitu hivyo viwili, siku ya mahojiano ya viza nitaingia peke yangu na ndege nitapanda peke yangu. Tumeoana miaka minne, na watoto tulisema wangoje kwanza tufike mahali pa kukaa. Sasa mahali pamepatikana, na bwana hajaenda kupimwa.

Kila nikimuuliza, jibu ni lile lile. "Wiki hii naenda, Sista." Ananiita Sista tangu siku tulipoonana, kwa sababu ya unesi. Wiki inaisha na kliniki haijamtia machoni. Lakini muulize tofauti ya risasi ya mia tatu na nane na ile ya mia mbili arobaini na tatu, atakueleza mpaka ugali uungue.

Bunduki! Musyoka! Aki Mungu.

Lawama naanzia kwa Wambua. Yeye na Musyoka walikuwa wanafanya kazi pamoja hotelini hapa Doha, mtaa wa West Bay, wote wakibeba mizigo ya wageni, kabla Wambua hajamfuata mkewe, nesi kama mimi, huko huko Wisconsin. Siku moja akapiga simu. Ilikuwa kwenye spika, kwa hivyo nilisikia kwa masikio yangu.

"Kaka, huku Novemba ikifika wanaume wote wako msituni. Kazini, kanisani, kwa kinyozi, hadithi ni kulungu tu. Usipokuwa na bunduki, utakaa na nani?"

Musyoka akacheka. Mimi pia nikacheka. Nilidhani imeisha.

Haikuisha. Jioni ile ile alianza kusoma, na tangu hapo kompyuta haijapata kupumua. Anasoma wanayoandika wazee wa Wisconsin, watu asiowajua, wakibishana kuhusu bunduki ya kwanza ya mtu asiye na pesa nyingi. Anaporudi kutoka kazini, kabla hajavua viatu, ananiletea habari. Ati anayeanza asinunue mpya, anunue ya mtumba iliyotunzwa. Ati ile ya kuvuta boliti, komeo lake la chuma, kwa mkono kila baada ya risasi moja ndiyo nzuri, haina mambo mengi ya kuharibika. Kitako cha bunduki, kile kinachokaa begani, kiwe cha plastiki, kwa sababu cha mbao kinakunywa maji ya theluji kisha kinapinda. Na usimalize pesa zote kwa bunduki ukasahau darubini ya kulengea, maana bunduki nzuri yenye darubini mbovu ni sawa na kupika pilau kwa mchele wenye mawe.

Hiyo ya pilau niliitunga mimi. Ndipo nilipojua nimekwisha. Mtoto wa mwalimu wa Nyamira, mwimbaji wa kwaya, naijua bunduki ya kulungu kuliko ninavyojua shuka zangu.

Wiki jana nimerudi na kumkuta amesimama katikati ya sebule, mpini wa ufagio begani, jicho moja amelifumba, ameilenga friji. Pazia liko wazi. Jirani wetu Mfilipino wa jengo la pili amesimama dirishani kwake na mswaki mdomoni, anatazama. Nikauliza, "Musyoka, friji imekukosea nini?" Hakucheka. Ati anapima urefu wa mkono wake, kwa sababu kitako kikizidi mkono, bunduki inakupiga teke kama punda. Nikavuta pazia. Jirani tangu siku hiyo ananisalimia kwa adabu sana.

Nikijaribu kumkanya, analeta ukoo. "Sisi Wakamba ni wawindaji, Sista. Babu yangu alikuwa na upinde."

"Babu yako alikuwa na upinde. Wewe ulizaliwa Makadara, Nairobi. Kitu pekee umewahi kuwinda ni mende."

Na sisemi kwa kuonea. Huyu ndiye mkwe ambaye wajomba zangu walimpa mguu wa mbuzi ashike wakati wa kuchinja, kama ilivyo desturi, ili waone mkono wake. Akasema simu yake inalia. Akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka nyama iko motoni. Simu yenyewe ilikuwa kwenye chaji ndani, mjomba alikuwa anaiona. Mpaka leo wakimuulizia wanasema, "Yule wa simu hajambo?"

Huyo ndiye anayetaka kumpiga risasi mnyama mwenye macho makubwa kama ya mtoto.

Nilivumilia. Nilijiambia ni mchezo wa wanaume, kama mpira, utapita. Kilichonichoma ni kipimo. Mtu ana nafasi ya kusoma kurasa mia za wazee wa Wisconsin, hana nafasi ya kutoa damu chupa moja. Nikaanza kufikiria mabaya. Labda hataki kwenda. Labda anangoja nichoke kuuliza, siku ifike, niondoke, naye arudi zake Nairobi bila kulazimika kusema hapana. Wazo hilo lilinikalia kifuani kazini, mpaka mgonjwa mmoja mzee akaniuliza kama nimefiwa.

Halafu ikaja Jumatatu. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

Tuko mezani, simu yake ikalia, ujumbe umeingia. Akasoma. Akaweka kijiko chini. Uso ukawa wa kijivu kama mtu aliyepungukiwa damu, na mimi hizo nyuso nazijua, nalipwa mshahara kuzitazama.

"Nini?"

"Hakuna kitu."

"Musyoka."

Akanipa simu, nikasoma: Mzigo wako umezuiwa forodha. Fika na kibali.

Kumbe bwana mkubwa aliona darubini ya bunduki mtandaoni, imeshushwa bei, akaogopa ofa itaisha. Akaiagiza. Ije wapi? Ije hapa! Doha! Alitaka macho yake yaizoee mapema, ati tukifika Wisconsin asiwe mgeni wa kila kitu. Mgeni katika nchi ya watu, anaagiza kifaa cha bunduki, katika zile zile wiki anazongoja polisi wa nchi hiyo wamwandikie kwamba ni mtu mwema. Nikamuuliza alikuwa anafikiria nini.

"Nilifikiri ni kama miwani," akasema.

Miwani!

Nilipiga kelele siku hiyo, sitaficha. Nilimwambia wakifungua kesi, hata ikiwa ndogo kama punje ya mtama, cheti hakitoki, na bila cheti hakuna viza, na bila viza mimi nitakaa kwenye theluji nikizungumza na ukuta. Nilimwambia kama alikuwa hataki kwenda angesema kwa mdomo, badala ya kututafutia polisi. Alikusanya vyombo, akaosha, akavipangusa, akavirudisha kabatini kimoja kimoja. Musyoka akikosea huosha vyombo. Nyumba imekuwa inang'aa wiki hii.

Jumatano tukaenda forodha pamoja. Sikumruhusu aende peke yake, kwa sababu namjua, akiogopa huongea sana. Tulikaa kwenye viti vya bati na tikiti zetu za foleni, mbele yetu mzee wa Kipakistani amekumbatia zulia kama mtoto mchanga. Nilisali sala zote ninazozijua, nikaongeza mbili za Kiislamu nilizozisikia kwa wenzangu wodini.

Afisa aliyetuita alikuwa kijana wa hapa, ndevu zimechongwa vizuri, sauti ya chini. Akafungua sanduku, akaitoa darubini, akaigeuza.

"Hii ni ya nini?"

"Kulungu, bwana," akasema Musyoka.

"Kulungu? Doha?"

Nikafumba macho. Musyoka akaanza kueleza kwa Kiingereza chake cha hotelini, kile cha kukaribisha wageni: mke wangu ni nesi, tunahamia Marekani, huko wanaume huwinda, mimi sijawahi, nilitaka kujifunza, sikujua kwamba hairuhusiwi, naomba msamaha. Ilikuwa kweli tupu, na ilisikika kama uongo wa mtu aliyekamatwa.

Afisa akamtazama muda mrefu. Halafu akauliza, "Risasi ya ukubwa gani?"

"Nimekwama kati ya mbili."

"Zipi?"

Mama yangu. Niseme nini? Afisa naye ni mwindaji! Kila mwaka wakati wa baridi anasafiri na binamu zake kwenda kuwinda nje. Akavuta kiti mbele. Akamwambia Musyoka achukue ile ndogo, mtu akianza na kubwa anaogopa teke, anafumba macho anapofyatua, na mnyama anaondoka na kidonda. Akamwambia plastiki ni sawa, mbao ni maringo. Akainua darubini yetu mpaka kwenye taa, akatikisa kichwa kwa huruma kabisa. "Habibi, hii ni takataka. Siku ya kwanza ya baridi itajaa ukungu." Musyoka akauliza ukungu unaingilia wapi. Akaonyeshwa. Akasema aaa.

Mzee wa zulia akakohoa. Nyuma yetu mtu akasema yalla, yalla, fanyeni haraka. Mimi nimetoka kazini bila kulala, maisha yangu yote yako juu ya kaunta ile, na wanaume wawili wanajadili ukungu. Nilitaka kulia, nilitaka pia kuwagonganisha vichwa.

Kisha yule afisa akacheka, akauliza kwa mzaha, "Lakini rafiki, kwani lazima uwinde? Nyama huko haiuzwi dukani?"

Musyoka hakucheka. Akashika ukingo wa kaunta, akasema polepole, akitazama ile darubini.

"Nyama inauzwa. Mke wangu atainunua. Nyumba ni yake, kazi ni yake, viza ni yake. Hapa nina miaka tisa, wageni wananijua kwa jina. Huko sijui kitu, sijui mtu. Nilitaka nifike nikiwa nimejua kitu kimoja, bwana. Hata kimoja tu."

Nilikuwa nimekaa pembeni yake, bega kwa bega. Hakunigeukia.

Miaka minne nimelala na mtu huyu kitanda kimoja. Nimemuuliza juu ya kliniki asubuhi, jioni, kwa upole, kwa ukali, kwa wimbo. Hakuniambia. Amemwambia mtu wa forodha! Mtu ambaye hata jina hatulijui! Nilikasirika upya, na hasira hii ya pili ilikuwa na machozi ndani, nikajifanya natafuta leso kwenye mkoba.

Afisa akarudi kuwa afisa. Akasema darubini haitoki, sheria ni sheria, hakuna kibali. Ila kwa kuwa tumekuja wenyewe na tumesema ukweli, Musyoka aandike kwamba ameuacha mzigo, atie sahihi, khalas, yameisha, hakuna kesi. "Usiagize tena kitu kama hiki ukiwa hapa. Ukifika huko, nenda dukani, ishike kwa mkono kwanza. Usinunue kwa picha." Musyoka akashukuru mpaka nikamvuta shati.

Tukapanda taksi. Nilikuwa na hotuba mbili tayari, moja ya darubini na moja ya lile alilosema, sikujua nianze na ipi. Mwishowe nikasema, "Ungeniambia mimi."

"Ningekuambia lini, Sista? Kila nikifungua mdomo unaniuliza kliniki."

Nikageuka nikatazama nje mpaka tukafika.

Jana, bila kuulizwa, akachukua simu akapiga kliniki mbele yangu. Jumapili asubuhi, wakamwambia, aje na pasi na picha. Akakata simu akanitazama, nikamkumbatia. Nilienda zamu ya usiku nikiimba kwenye lifti. Nilidhani sasa tumemaliza, sasa ni kufunga masanduku.

Leo asubuhi nafungua mlango, nani yuko kwenye kochi na kompyuta mapajani? Na kwenye kioo kuna nini? Bunduki. Ile ndogo, ya plastiki, ya mtumba.

"Musyoka, bado?"

Nilikuwa nimeshakaanga mayai kabla hajajibu. Alikuja akasimama mlangoni mwa jikoni. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

"Sista. Nikifika huko nikajaribu kila kitu, nikashindwa. Utaniacha nirudi nyumbani bila kunichukia?"

Nami mwenye maneno, nami niliyemjibu kila kitu tangu siku ya Wambua, nikamwambia nini? Nikamwambia mayai yanapoa.

Akatikisa kichwa, akachukua sahani yake, akarudi kwenye kochi. Hatarudia swali. Musyoka huuliza mara moja.

Kwa hivyo nimekaa hapa na chai imepoa na hasira ambayo sijui nimpe nani. Nilikuwa nataka neno moja tu kutoka kwake, kwamba anakuja. Muda huu wote niligombana na ufagio na ofa na wazee wa Wisconsin kwa ajili ya neno hilo. Sasa nimelipata, na kumbe nyuma yake kulikuwa na jingine. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kuja kwa moyo wote, akajitahidi, na bado pakamshinda. Mimi siwezi kurudi, nimetia sahihi mkataba. Akiondoka yeye, nitabaki. Nitatoka kazini gizani, nifungue mlango wa nyumba ambayo hakuna anayeniita Sista.

Naogopa. Ndiyo hiyo. Nimekuwa naiita hasira, kumbe naogopa kuliko yeye, na yeye angalau amepata mtu wa forodha wa kumwambia.

Nimelitafuta jibu jingine na sijalipata. Jibu ni ndiyo. Aende, na nisimchukie, hata kama nitalia mpaka nivimbe. Sitaki alale kitanda kimoja na mimi kwa sababu tikiti ya kurudi nimeikalia. Nilikuwa nimepanga kumwambia Jumapili, nje ya kliniki, kabla hajaingia, kwa sababu si haki mtu atolewe damu kwa safari ambayo hajui kama ina mlango wa nyuma. Huenda akinisikia akasema basi, tugeuze, turudi nyumbani. Hilo nalo nitalibeba.

Lakini Jumapili ni mbali. Watu husema kesho nayo ni siku. Yeye ameuliza leo, na anakula mayai peke yake.

Naenda sebuleni.